Wati 100 za Nini Chumbani?

Haya wapenzi wa ukurasa huu, leo mtanisamehe. Wale mliokuja mbio kutafuta nani kamwacha nani, wiki hii hakuna. Leo nina habari ya amplifaya ya gitaa. Tena siyo ile ya ukumbini inayotetemesha chupa za soda mezani. Nasema ile ndogo, ya kupigia nyumbani, umevaa bukta yako na kikombe cha chai kipo pembeni.

Najua kuna mtu hapo Sinza ameshaguna, "Huyu naye kakosa la kuandika." Taratibu bwana. Siku hizi vijana wanaonunua gitaa la umeme ni wengi, makanisani ndiyo usiseme, na kila ninayekutana naye swali lake ni lile lile: wati ngapi? Haulizi sauti ikoje. Haulizi inakula umeme gani. Wati ngapi! Kama mtu anayeposa kwa kuuliza kilo.

Mimi shughuli hiyo ya kuchagua nimeifanya nikiwa Igalula, siyo Dar. Na Igalula ndiyo iliyonifundisha kuuliza maswali mengine.

Kwa wasiopajua, Igalula ipo Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, juu ya Reli ya Kati, ukiwa unatoka Tabora mjini kuelekea pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, enzi za Mjerumani, lakini watu walikuwa wanaikata nchi hii kwa miguu zamani sana kabla yake. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Unyamwezini kwenda Bagamoyo, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Hesabu hiyo iwekeni akilini, tutaihitaji.

Kazi yangu hapa ni ufundi. Simu, redio, sabufa, ving'amuzi. Nilihamia huku kwa sababu mama yangu ni wa hapa, na kwa sababu Dar mafundi simu wamekuwa wengi kuliko simu zenyewe. Vitu vilivyoungua nimevifungua vingi mno, kwa hiyo nikisema hiki usikichomeke, nisikilizeni.

Sasa tuje kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi moja ya dansi pale Tabora mjini miaka ya 1970. Bendi siitaji, maana mzee ana manung'uniko yake na waliokuwa wenye bendi, na manung'uniko ya mzee siyo ya kuanikwa gazetini. Ila mjue kwamba Tabora ya enzi hizo haikuwa mchezo. Kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyotamba tangu miaka ya 1950. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz. Kulikuwa na Tabora Jazz, wale wa "Dada Asha" ya Shem Karenga, mzee wetu aliyefariki mwaka 2014. Mji mmoja wa bara, bendi tatu zilizojulikana nchi nzima kupitia redio.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Vyombo vile havikuwa vya wanamuziki. Gitaa, amplifaya, ngoma, mpaka waya, vilikuwa vya mwenye bendi. Na mwenye bendi anaweza kuwa tajiri fulani, klabu au taasisi. NUTA Jazz kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama bendi, anaondoka na vidole vyake tu. Nyumbani, kama ana bahati, ana galatoni, yaani gitaa kavu. Jina hilo lilitokana na Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Na msilidharau, John Lennon wa Beatles naye gitaa lake la kwanza lilikuwa Gallotone.

Kwa hiyo mjomba wangu, mtu aliyepiga gitaa la umeme mbele ya mamia ya watu miaka zaidi ya kumi, alikuwa hajawahi kulipiga akiwa nyumbani kwake. Hata siku moja.

Nilipomuuliza, alicheka. "Mjomba," akaniambia (huku mjomba na mpwa wote huitana mjomba), "amplifaya ilikuwa inalala ofisini, imefungwa na kufuli. Mimi nilikuwa nalala kwangu."

Sasa mzee ana baridi yabisi. Vidole vya mkono wa kushoto vinavimba, asubuhi za baridi za mwezi wa sita hata kifungo cha shati anafungiwa. Galatoni lake limetundikwa ukutani. Nyuzi zake ni nene, zimekaa juu, na lazima uzikandamize kweli kweli ndipo zitoe sauti. Gitaa la umeme siyo hivyo. Nyuzi ni nyembamba, zimelala karibu na shingo, kidole kinagusa tu.

Nilipata gitaa la umeme la mtumba, nikabadilisha nyuzi, nikaweka nyembamba kabisa, nikampelekea. Bila amplifaya lilisikika kama mbu aliyenasa ndani ya chandarua. Lakini vidole vilikwenda! Mzee akakaa kwenye kigoda chake, akafumba macho, akaanza kukata ridhimu moja ya taratibu, inakwenda inarudi, kama mtu anayepepeta mchele. Nikamuuliza huo ni wimbo gani.

"Huo haukurekodiwa."

"Zipo ngapi ambazo hazikurekodiwa?"

"Zipo," akasema, akaendelea kupiga.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hii siyo starehe ya kusubiri mwakani. Nyimbo zimo kwenye vidole, vidole vinakauka, na mimi nasikiliza mbu.

Fedha zilikuwepo. Laki tatu na nusu. Tatizo zilikuwa na kazi yake. Mama watoto alizitoa kwenye kikoba akiwa amezipangia mabati ya jiko. Nilipomweleza, aliacha kuchambua mchele akaniangalia.

"Baba watoto, jiko linavuja, wewe unataka kununua kelele?"

"Siyo kelele. Ni mjomba."

Akanyamaza muda. Anamheshimu sana yule mzee, ndiye aliyesimama kuzungumza siku ya posa. Mwisho akasema, "Mvua bado. Lakini nakwambia, mtoto akiamka usiku hata mara moja kwa sababu ya hilo dubwana, litalala nje na wewe."

Basi masharti yakawa hayo. Bei isizidi laki tatu na nusu. Mtoto asiamke. Umeme ukikatika lisizimike, maana umeme ukikatika ndiyo saa mzee anapopenda kukaa nje na kupiga. Na sharti la nne la mjomba mwenyewe: "Isiwe inakwaruza. Sisi hatukupiga muziki wa kukwaruza."

Ofa ya kwanza ilikuja upesi. Kijana mmoja wa Tabora mjini alikuwa anauza amplifaya kubwa iliyotoka ukumbini, wati 100, spika mbili za inchi 12, na bei yake ukiisikia unaona kama kaiokota. Marafiki zangu wote wakaniambia chukua hiyo, wati 100 kwa bei hiyo utazipata wapi!

Ngoja niwaeleze kitu kuhusu wati, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Sikio la binadamu halihesabu kama mita ya Luku. Ukitoka wati 10 ukaenda wati 100, spika ikiwa ile ile, sikio linasikia sauti imekuwa kubwa kama mara mbili tu. Siyo mara kumi. Ukitoka wati 10 kwenda 20, utaona imeongezeka kidogo, basi. Kwa hiyo tofauti kati ya ndogo na kubwa siyo kubwa kama namba inavyotisha. Na spika yenyewe ina neno lake. Spika nzuri yenye wati chache inaweza kuizidi spika mbovu yenye wati nyingi.

Ila hasara yake nyumbani ni nyingine. Amplifaya ya ukumbini ukiitaka inong'one, hainong'oni. Ukigusa kitufe cha sauti kidogo tu, kimya. Ukiongeza unywele, jirani amekaa kitandani. Katikati hapo pa kupigia mtu aliyekaa na mzee wake sebuleni, hapapo. Ni kama kutuma Scania dukani ikanunue kiberiti.

Halafu uzito. Mwafahamu Roland JC-120? Ni amplifaya maarufu sana duniani, ilitoka mwaka 1975, wati 120, spika mbili za inchi 12, sauti yake safi kama maji ya mtungi. Naipenda mno. Ina kilo 28. Sasa rudini kwenye hesabu yenu ya frasila: huo ni mzigo wa mpagazi karibu kamili. Mjomba anakaa ng'ambo ya pili ya reli, mimi niko upande wa sokoni. Nani angekuwa anabeba kila jioni?

Ofa ya pili haikuwa ya kununua. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu aliniuliza: "Fundi mzima, si uchomeke kwenye sabufa?" Hili ni swali la haki, na wengi wenu ndivyo mnavyofanya. Linapiga, ndiyo. Lakini sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, na watu wanadhani gitaa ndiyo bovu.

Kumbe siyo gitaa. Kile kipande chenye sumaku chini ya nyuzi kimezungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, na umeme unaotoka pale ni dhaifu kama pumzi ya mgonjwa. Amplifaya ya gitaa inapokea kwa mlango wenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni 1, ili isiunyonye. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na deki, ukinzani wake kwa kawaida ni wa makumi ya maelfu tu. Linainyonya ile pumzi, na kinachokufa kwanza ni sauti nyembamba za juu. Sasa ridhimu ya dansi bila sauti za juu ni nini? Ni pilau bila bizari. Kama huna namna nyingine, weka pedali ya Boss katikati, hata ikiwa imezimwa, itakusaidia kuupokea umeme wa gitaa vizuri na kuupitisha. Ni dawa ya muda.

Nikajaribu kutengeneza mwenyewe, nisije nikaambiwa fundi gani huyu. Ile IC ndogo ya LM386 kila fundi anaijua, kwa betri ya volti 9 inatoa kama nusu wati. Niliiweka kwenye sanduku la mninga, maana mbao huku ndiyo kwao, na spika ya redio ya zamani. Ilipendeza kwa macho! Na ukipiga taratibu sana ilikuwa nzuri. Mzee alipokolea tu na kukata nyuzi zote kwa pamoja, ikaanza kukwaruza. Akaniangalia, hakusema kitu, akaliweka gitaa chini. Sanduku lile sasa linatumika na mteja wangu mmoja kusikilizia taarifa ya habari.

Hapo nikajua: nusu wati haitoshi kwa sauti safi, wati 100 ni wazimu. Jibu lipo kati ya wati 3 na 10.

Ikabidi niende Dar, nilikuwa na safari ya kununua vioo vya simu hata hivyo. Gitaa nikalibeba mgongoni, na waya wangu mwenyewe mfukoni. Hili nalisisitiza kwa atakayekwenda Kariakoo: nenda na gitaa lako na waya wako. Gitaa la muuzaji limechaguliwa na muuzaji.

Duka la kwanza kijana alinipokea vizuri. "Kaka, karibu, hii hapa moto wa kuotea mbali," akabonyeza kitufe, akapiga nyuzi moja, duka zima likanguruma kama trekta. Amplifaya nyingi ndogo zinauzwa kwa ukwaruzaji huo, maana unavutia vijana wa roki na unaficha upungufu. Nikamwambia, sawa, sasa zima hiyo, nipe sauti kavu. Akashangaa. Akazima. Ikatoka sauti ya kopo. Nikamshukuru.

Duka la pili walikuwa na mzigo wa mtumba kutoka Japani. Jamani, vitu vizuri! Amplifaya ndogo kali, hazina hata mkwaruzo. Plagi zake pini tatu kama zetu. Nikaigeuza moja nyuma, kibao kimeandikwa volti 100.

Hapa ndugu zangu naomba mfungue macho. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Plagi kukatwa na kuwekwa ya kwetu hakubadilishi kilichomo ndani. Kifaa cha volti 100 ukikichomeka kwenye 230, nguvu inayomwagika mle ndani inaweza kufika mara tano ya ile kilichoumbiwa. Fyuzi ikiwahi kukatika, mshukuru Mungu wako. Isipowahi, unaletewa mimi, na mimi nakupa pole. Ipo transfoma ya kushusha umeme, unaweza kuinunua, lakini ina gharama, ina uzito, na nyingine zinanguruma zenyewe. Nikamuuliza muuzaji kama anawaambia wateja. Akasema, "Wengi hawaulizi, kaka." Basi ulizeni.

Za valvu nazo nilioneshwa moja, za mtindo wa zile Fender Champ za wati 5. Sauti tamu, sibishi. Lakini valvu ni kioo, barabara yangu ina matuta, na ndani yake kuna volti mamia zinazoweza kubaki hata ukishaizima. Na betri haitumii. Nikapita.

Mwisho nikabaki na tatu za kuchagua. Fender Frontman 10G, wati 10, spika ya inchi 6: sauti yake safi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea na bei ilikuwa ya chini, lakini inataka umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, tumerudi kwa mbu. Boss Katana Mini, wati 7, spika ya inchi 4, inakwenda kwa betri sita za AA. Hii ilinitoa jasho, maana ni ndogo, nyepesi na ina nguvu. Ila kijitabu chake kinasema betri za alkali zinadumu kama saa 7. Ya tatu ilikuwa Roland Micro Cube GX, imeshatumika, wati 3 tu, spika ya inchi 5, betri sita hizo hizo, lakini saa zake zinafika kama 25. Na ndani yake kuna sauti iliyoigizwa kutoka kwenye ile JC-120 ya kilo 28.

Wati 3! Kijana wa dukani alinionea huruma. "Kaka, hiyo ni ya mtoto."

Nikaomba kiti. Nikachomeka gitaa langu, nikaweka ile sauti safi, mwangwi kidogo sana, nikashusha sauti mpaka nikaweza kuzungumza na yule kijana bila kupaza. Kisha nikapiga ile ridhimu ya kupepeta mchele, vile alivyonifundisha mzee. Kila waya ulisikika peke yake. Nikapandisha kidogo kidogo mpaka pale ilipoanza kukwaruza, nikaona bado ni kubwa kuliko anayeimba bila kipaza sauti. Kwa sebule ya tofali na bati, yatosha. Kwa bendi yenye ngoma, haitoshi, na hilo nalisema wazi asije mtu akaipeleka kwenye harusi halafu akanilaumu.

Kabla ya kutoa hela nilifungua kifuniko cha betri, maana betri zilizovuja humo huacha kutu inayokula chuma polepole. Safi. Nikaizungusha vitufe vyote huku nikisikiliza mkwaruzo. Kimoja kilikwaruza kidogo, hiyo ni kazi ya dakika mbili kwa fundi. Nikatikisa waya pale unapochomekwa. Imara. Nikachomoa gitaa, nikapandisha sauti mpaka mwisho: mvumo mdogo wa kawaida, hakuna ngurumo. Tukavutana bei mpaka laki tatu kamili. Elfu 50 iliyobaki ikanunua betri za kuchajiwa na chaja yake, maana betri za kutupa zingelimaliza jiko lote, bati kwa bati.

Jamaa mmoja wa Igalula aliniambia niachane na betri, niunganishe moja kwa moja kwenye betri ya sola ya mzee. Sikumbishia sana, nikamwonesha tu maandishi: kifaa kinataka volti 9, betri ya sola ni 12 na ikijaa inapanda zaidi. Tunachaji zile ndogo kwa sola, ndiyo njia.

Jioni ya kwanza mjomba aliigeuza geuza kama mtu anayekagua papai. "Hii ndiyo yenyewe?" Ndiyo, mjomba. "Ya kwako?" Ya kwetu. "Haina kufuli?"

Haina.

Nilimpa hedifoni, nikifikiria sharti la mama watoto. Alizivaa kama nusu dakika akazivua. "Muziki wa kusikiliza peke yako ni kama kula umejificha." Tukazichomoa. Akapiga kwa sauti ya chini, mlango wazi, na mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake pale pale, hakujigeuza hata mara moja. Mama watoto alikuja kukagua sharti lake, akabaki mpaka saa nne. Wimbo wa tatu nikamsikia anaitikia kibwagizo kwa chini. Mabati hakuyataja usiku ule. Ameyataja kesho yake, na nimenunua manne tayari, bado sita.

Sasa kila tunapopiga simu yangu ipo mezani inarekodi. Mpaka wiki iliyopita tumefikisha nyimbo 11. Kati ya hizo, nne maneno yake amesahau, anaimba "lala lala" halafu anakasirika. Asubuhi za baridi hatujaribu kabisa, tunasubiri jua lipande, vidole vipate moto. Siku nyingine havipati, tunakunywa chai tu na ananisimulia nani alikuwa anapiga nini, na nani alimkimbia na mke wa nani. (Mwaona? Hata humo yamo.)

Shida yake mpya ni kwamba ridhimu peke yake inamchosha. Anataka besi. Nimemweleza kuwa spika ya inchi 5 haiwezi kubeba besi, waya mnene wa gitaa la besi unashuka chini mno, utaichana. Amekubali kwa shingo upande. Akasema basi tumtafute wa solo.

Na yupo. Kuna mzee mwenzake kule Goweko, stesheni inayofuata, aliyekuwa anapiga solo enzi hizo. Inasemekana ana galatoni lenye nyuzi nne. Jumamosi tunakwenda kwa bodaboda, mjomba na mimi, amplifaya ndani ya mkoba wa shule wa mtoto, kilo tatu kasoro. Tundu la kuchomekea gitaa ni moja tu, nimeshamwambia. Mjomba amelitungua galatoni lake ukutani, anasema mwenzake ndiye achomeke.

"Lakini vidole, mjomba?"

"Nyimbo mbili vitafika," akasema. "Baada ya hapo tutapokezana."